Glavu za Jumanne

Barua ilifika Ijumaa: mkaguzi anakuja Jumanne.
Jumatatu jioni nikafungua kabati la bati,
nikatoa pea arobaini na mbili,
bado zina ungaunga, bado zinanukia duka.
Kila aliyepokea akaweka dole gumba kwenye daftari langu.
Mimi ndiye mtunza stoo. Kitangari nzima wananiita Bwana Hesabu,
na hesabu yangu huwa haipungui.

Siku yenyewe wanawake wakakaa kwenye mabenchi,
mikono myeupe kama ya wakunga wa hospitali,
wakibangua polepole, punje zikiwaponyoka,
wakitaniana chinichini:
"Leo tumekuwa mabibi harusi."
Vibakuli vya majivu, wanamochovya vidole siku zote,
tulikwisha kuvificha nyuma ya choo.

Mkaguzi, kijana mpole, viatu vimejaa vumbi letu jekundu,
aliuliza kwa kufuata karatasi.
Watoto wapo? Hawapo.
(Ilikuwa siku ya shule.)
Maji ya kunawa yapo? Yapo.
(Pipa moja, limepandishwa kwa bodaboda toka bondeni,
ndoo shilingi elfu.)
Maganda mnayapeleka wapi? Tunachoma.
Na moshi je?
Hilo halikuwemo kwenye karatasi. Nimeliuliza mimi, sasa hivi.
Vifaa vya kujikinga vipo?
Vipo, nikasema, nikatia saini.
Sikusema uongo. Vilikuwepo.

Kisha akatoa kimashine, mfano wa redio ya mfukoni.
Mnunuzi wa ng'ambo, alisema, anataka kujua
kila punje imepita mkononi mwa nani.
Mlaji ataelekeza simu kwenye pakiti,
kwenye kale kamraba kenye madoadoa,
litatokea jina, na kijiji, na tabasamu.
Haya, wekeni vidole.

Wasichana wapya walipita: mlio mmoja, taa ya kijani.
Akaja Bi Somoe Nampembe. Mwaka wa kumi na tisa huu anabangua.
Akavua glavu, akaweka kidole cha shahada.
Taa nyekundu.
Akakifuta kwa khanga. Nyekundu.
Cha kati. Dole gumba. Mkono wa kushoto.
*Jaribu tena*, ilisema mashine, kwa Kiswahili fasaha.
Mafuta ya ganda yalishakula mistari yote,
ncha zimebaki laini kama kipande cha sabuni.
Nikakumbuka daftari langu: alama yake huwa doa tu la wino,
miaka yote hiyo, na sikuwahi kujiuliza.
"Mwanangu," akamwambia mkaguzi, "andika tu sipo."

Kijana akazishika zile ncha, akazigeuza,
akatafuta kwenye fomu mahali pa kuliandika jambo hilo.
Nilimwona akishuka ukurasa hadi ukurasa.
Mwishowe akaandika kitu pembeni, kwa penseli.

Jioni nikakusanya. Arobaini na moja.
Nikahesabu tena, sakafuni, pea kwa pea. Arobaini na moja.
Nikamfuata Bi Somoe hadi kwenye mashine ya kusaga.
Hakukana. "Nimempa binti yangu," alisema,
"anapulizia mikorosho ya watu salfa, kwa mikono mitupu.
Mimi za nini? Nikivaa, kilo nane zinakuwa tano,
na ninyi mnalipa kilo, hamlipi ngozi."
Akajitwika unga wake, akaondoka.

Kanuni iko wazi: kilichopotea hukatwa,
elfu tatu na mia tano, kwenye ujira wa aliyekipoteza.
Nilikaa na kalamu mpaka taa ya sola ikaanza kufifia.
Safu ya "Zilizorudi" nikajaza arobaini na moja.
Safu ya "Maelezo," ambayo huwa naiacha wazi,
nikaandika kwa wino, si kwa penseli:
*Pea moja, ipo kazini.*